Mgawa Maji na Dada wa Kwenye Simu

Jumapili hii, baada ya ibada, kamati ya maji imeniita. Mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye hata kengele ya shule walimu husita kunipa niigonge. Wanataka niwajibu swali moja tu: Mgawa Maji aliacha kuona tangu lini?

Nikisema tangu masika haya, ataachiwa fimbo yake, watamwombea, na mambo yataishia kwenye chai. Nikisema tangu zamani, basi kila shamba la tangawizi lililowahi kunyauka huku kwetu Mamba litageuka kesi. Na sisi Wapare mnatujua. Tunasemwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mzee wa watu atashtakiwa mpaka na waliohamia Dar.

Wananiuliza mimi kwa sababu mbili. Mimi ndiye niliyemuumbua mbele za watu, na mimi ndiye niliyekuwa kwake kila alfajiri kabla hajashushwa hospitali, nilikokwenda kumwona juzi Jumanne. Tangu nirudi, makande hayapiti kooni. Mama ameshaniuliza mara tatu kama naumwa au kama kuna kitu nimevunja. Nimemwambia sijavunja kitu, na sina uhakika kama hilo ni kweli. Kwa hiyo leo Alhamisi naandika, ili nitakaposimama mbele ya wazee wale nijue namzungumzia mtu gani. Jina lake silitaji. Hata yeye mtu akimwita kwa jina huwa haitiki mpaka mara ya pili. Kwetu ni Mgawa Maji, na sisi watoto tunamwita Babu ingawa si babu yetu.

Kwa asiyejua: ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo walilotuachia wa kale. Usiku linazibwa, linajaa kutoka kwenye kijito. Alfajiri linazibuliwa, maji yanashuka kwenye mfereji, na kila nyumba inamwagilia kwa zamu yake. Mwenye kuzibua, kuziba na kusema "basi, imetosha" ni mtu mmoja. Huyo ndiye mtu wangu.

Ni mrefu, mwembamba, na anatembea kama mtu anayepita juu ya mayai ya watu wengine. Miguu yake inauliza ardhi kwanza, halafu ndiyo inakanyaga. Mimi nilikuwa naiga huo mwendo darasani, mpaka mwalimu wa zamu akacheka kabla hajakumbuka kunichapa. Kikohozi chake pia nilikuwa nakiweza. Ukisikia hicho kikohozi mferejini, hata kama umeinama kuchepusha maji kidogo kwa jembe, unanyooka mwenyewe na kuanza kusalimia: "Shikamoo Babu." Naye anajibu, "Marahaba. Rudisha hilo tope ulipolitoa." Tulikuwa tunashangaa amelionaje.

Ana fimbo yenye alama za kuchongwa. Anaizamisha ndivani, anaitoa, halafu anaigusisha mdomoni. Si kuibusu hasa, ila anaipitisha midomoni taratibu kutoka chini kwenda juu, kisha anatangaza: "Alama saba na nusu." Mimi nikampa jina la Mume wa Fimbo. Nilisema mkewe alipofariki ndipo akahamishia mapenzi huko. Watu walicheka sana, na Mama akanipiga kofi la mgongo huku naye akicheka. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtu mwenye macho apime maji kwa mdomo.

Maneno yake ni machache na ameyarudia mpaka yamekuwa laini. "Maji hayana shemeji." Hilo ni la wale wanaoanza kwa kusema sisi ni ndugu. "Mwenye haraka ameze mate." Hilo ni la vijana. Na mtu akilalamika kwamba zamu yake imekatwa mapema, humwambia, "Nenda kaulize mihogo yako, itakuambia imekunywa nini." Mtu anaondoka amenuna, kwa sababu mihogo yake kweli imelowa.

Halafu ana wasiwasi. Jamani, ana wasiwasi! Anaziba ndiva, anaondoka, anarudi kupapasa kizibo, anaondoka, anarudi. "Mmesikia tone?" Hatujasikia. "Hebu nyamazeni." Tunanyamaza. "Hapo." Hakuna kitu. Anarudi. Kwa miaka nilidhani hiyo ni tabia tu ya uzee, kama kuhifadhi mifuko ya plastiki.

Sasa niwaambie habari ya simu, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Shule yetu ina chumba kilichoandikwa Maabara, chenye kufuli lenye afya nzuri kuliko wanafunzi. Mwalimu wa fizikia alihama, na mpaka leo hatujaletewa mwingine. Mwaka jana ndipo tukasikia kuna masomo ya sayansi ya bure mtandaoni, Jumamosi asubuhi, ya mwanafunzi na watu wa nyumbani kwake. Mnafanya majaribio kwa vitu vya jikoni: chupa, chumvi, yai, kioo. Sharti ni kwamba awepo mtu mzima, maana hawataki mtoto aunguze nyumba peke yake.

Tatizo ni kwamba nyumba zetu zimejikunja ndani ya mabonde. Mtandao unapita juu yetu kama ndege, hautui. Baraza pekee linalotazama moja kwa moja bondeni, kuelekea minara ya chini huko njia ya Kisiwani, ni baraza la Mgawa Maji. Na alikuwa na simu ya kupangusa aliyotumiwa na bintiye kutoka Dar. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa na kuiweka ndani ya sufuria, na ikiita alikuwa anafunua sufuria na kupiga kelele "Haloo!" bila kuigusa.

Mama ndiye aliyekwenda kumwomba. Nilikuwa nyuma yake.

"Babu, watoto wanataka kusoma sayansi hapa barazani kwako."

"Sayansi ya nini?"

"Ya mtihani."

"Wakija wangapi, mtandao utawatosha?"

Mama akanitazama. Nikasema, "Babu, mtandao si maji."

"Kila kinachotosha mmoja na kupungukia kumi ni maji," akasema. "Watakuja kwa zamu."

Na kweli. Akagawa mtandao kama anavyogawa ndiva. Somo lenyewe la Jumamosi tulilisikiliza wote, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kinu. Lakini kurudia video na kutuma majibu kulikuwa kwa zamu, nyumba kwa nyumba, kuanzia Jumapili hadi Ijumaa. Na akaweka amri moja iliyonifanya nicheke mpaka nikajiuma ulimi: simu isiguswe usiku, kwa sababu usiku mtandao unajaa. "Alfajiri ndiyo mje. Umetulia, umepanda." Nilimweleza kwa kirefu kwamba mtandao haujai. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umemaliza? Njoo alfajiri."

Nikaja alfajiri kumwonyesha kwamba amekosea. Video ambayo jana yake jioni ilikuwa inazunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani ikafunguka papo hapo, ikaenda moja kwa moja hadi mwisho. Sababu ni kwamba saa hiyo wenye simu zao bondeni wamelala. Nikamweleza hiyo sababu. Akasema, "Ndiyo nilivyosema. Umejaa." Mpaka leo sijui nani alishinda pale.

Mwalimu wa mtandaoni tulimwita Dada wa Kwenye Simu. Kila somo anaanza, "Familia, mpo?" Na baraza zima linaitika "Tupooo!" Nikawaambia hawezi kutusikia, anasema na maelfu ya watu. Mgawa Maji akanigeukia: "Mtu akikuita kwako, unaitika. Hata kama yuko mbali. Mama yako hakukufundisha?" Basi tukawa tunaitika. Kulikuwa na siku alilalamika kwamba yule dada hatoi shikamoo, nikamwambia labda ametoa kabla simu haijawaka, akaridhika.

Alikuwa anamdharau na kumheshimu kwa wakati mmoja. Aliita masomo yale "mambo ya kudhani". Alikaa ameipa simu mgongo, akitazama bonde, na mtu akimwambia ageuke aone anasema, "Vioo vinaharibu macho, mimi natumia masikio." Lakini kila Jumamosi alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kanisani, na mtu akipiga soga wakati wa somo alikuwa anagonga sakafu kwa fimbo. Ndevu alikuwa ananyoa vibaya. Zilikuwa zinabaki visiwavisiwa. Kwa hilo nalo nilichekesha watu.

Siku ya somo la mgandamizo wa maji, Dada alituambia tutoboe chupa matundu matatu, juu, katikati, chini, tuyazibe, tujaze maji, tuiweke juu ya kiti, halafu kabla ya kuzibua tukisie ni tundu lipi litarusha maji mbali. Baba Neema, jirani yetu mwenye shamba la mwisho mferejini na mwenye malalamiko ya kwanza, akasema la juu, kwa sababu liko juu. Mimi nikasema la katikati, ili nisifanane na Baba Neema. Mgawa Maji, mgongo kwetu, akasema, "La chini."

"Babu, kwa nini?"

"Kwa sababu limebebeshwa mzigo wote. Ukibebeshwa mzigo wote, ukipata upenyo unakimbia."

Tukazibua. La chini likarusha maji mpaka kwenye viatu vya Baba Neema. Muda huohuo Dada akaeleza kwa maneno marefu kitu kilekile. Watu wakashangilia, na Mgawa Maji akakohoa kile kikohozi chake, lakini nilimwona shingo ikinyooka. Siku hiyo nilianza kumwonea fahari, na kwa sababu sikujua fahari inafanywaje, nikaendelea kumtania zaidi.

Ndipo likaja somo la macho.

Dada alifundisha lenzi, retina, mboni. Kisha akasema kazi ya nyumbani ni kupimana macho. Mchore herufi kwenye karatasi, mstari wa juu herufi moja kubwa, kisha zipungue ukubwa kila mstari kwenda chini. Mtu asimame mita sita, azibe jicho moja, asome. Andikeni majibu ya kila mtu wa nyumbani.

Nikachora mimi, kwa makaa, kwenye karatasi ya manila. Tukaitundika ukutani barazani, tukapima mita sita mpaka kwenye mparachichi. Watu wakapita kwa zamu. Mama alisoma mpaka mstari wa tano. Baba Neema alifika mpaka wa mwisho, na H akaiita N, tukambishia, akasema ni mwandiko wangu. Watu tisa walisoma, kila mmoja kwa sauti, na Mgawa Maji amekaa pembeni na koti lake, fimbo magotini.

"Sasa Babu," mtu akasema.

"Mwenye ndiva hunywa mwisho," akajibu, "lakini si lazima anywe."

"Majibu yanatakiwa ya kila mtu!"

Akanyanyuka. Akaenda mpaka kwenye mparachichi, miguu ikiuliza ardhi. Akageuka. Na hapo mimi, kwa sababu zangu ambazo hata sasa sizioni vizuri, nikaigeuza ile manila. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, mtupu. Nikawakonyeza watu. Nilichotaka ni kimoja tu, nisikie akigomba: "We mtoto, herufi ziko wapi?" Tucheke, niirudishe, tuendelee. Kiapo, sikuwaza zaidi ya hapo.

Akaziba jicho la kushoto. Akanyoosha kidevu. Akaanza kusoma.

"K."

Watu wakacheka kidogo. Walidhani na yeye anatania.

"M, A." Akaenda mstari wa tatu. Wa nne. Hakusita. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto wa darasa la kwanza. Kicheko kikaanza kukatika, mtu mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa nyumba kwa nyumba. Akafika mstari wa mwisho, ule ambao Mama hakuufikia, akausoma wote, na penye H akasema N.

Hata kosa la Baba Neema alikuwa amelishika.

 Kuku mmoja alikuwa anaparua majani, na mlio ule ukawa mkubwa. Mgawa Maji akaondoa mkono kwenye jicho. "Je?" akauliza. "Nimefikia wangapi?"

Mimi nilikuwa bado nimeishika ile karatasi kwenye pembe. Ningeweza kuigeuza. Ningeweza kusema "Babu umewashinda wote." Sikufanya lolote. Ni Baba Neema aliyesema, polepole, "Mzee, karatasi haina kitu."

 Halafu akasema, "Aliyeigeuza ni nani?" na hakusubiri jibu. Akatembea kuja barazani. Akakosea ngazi. Miaka yote sijawahi kumwona akikosea ile ngazi.

Jumamosi iliyofuata tulikuta fimbo imelazwa kukingama njia ya kwake. Kwetu hiyo ina maana moja: pamefungwa, zamu hakuna. Simu ya Mama haikuwa na mtandao, kwa hiyo somo hilo sijui lilihusu nini. Nilikaa jikoni nikimenya tangawizi ya kupelekwa sokoni, nikasikia kelele za watu mferejini mpaka ndani.

"Miaka yote hii tangawizi yangu inanyauka, kumbe nagawiwa maji na kipofu!" Huyo ni Baba Neema.

"Yako ilinyauka kwa sababu hupalilii," sauti ya Mama.

"Mama wewe nyamaza, ni mwanao aliyetufumbua macho!"

Mama akaondoka mferejini. Akaja jikoni, akasimama mlangoni. Nilingoja kofi. Hakunipiga, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulimi wako nilijua utaniletea kesi," akasema. "Sikujua na mikono."

Kamati ikakaa. Ikaamua aendelee kuzibua, ila awe na mtu wa kumwangalia. Ikamwuliza tangu lini. Akajibu, "Masika haya ukungu umezidi." Wakamwuliza tena. Akajibu vilevile, neno kwa neno. Mwenyekiti akasema swali libaki wazi.

Jumamosi ya tatu ile fimbo haikuwepo njiani. Tukaenda, wachache, tukiwa tumejikunyata kama watu waliokuja kwenye msiba wasiokuwa na uhakika wa nyumba. Alikuwa amevaa koti. Hakunyoa. Nikamwamkia, akasema marahaba, akasema, "Washa."

Siku hiyo ilikuwa ya maswali, unaandika na Dada anayasoma. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, simu ikawa hainielewi. Niliandika: Mtu mzima akiona ukungu mweupe, na ukungu unazidi, anaweza kupona? Nikatuma kabla sijaogopa. Yakasomwa maswali ya watu wengine mengi, kuhusu paka na giza, kuhusu miwani. Kisha likasomwa langu.

Dada akasema hawezi kumpima mtu kwa simu. Akasema apelekwe hospitali ya macho. Akasema mara nyingi huwa ni mtoto wa jicho, lenzi ndiyo imechafuka, na wanaitoa na kuweka nyingine. Lakini kuna ugonjwa mwingine, presha ya macho, ambao ukichelewa, kilichokwenda hakirudi. "Kwa hiyo msichelewe," akasema. "Familia, mpo?"

 Wote tulikuwa tunautazama mgongo wa lile koti.

"Anaita," Mgawa Maji akasema. "Mjibuni."

"Tupo," tukasema.

Alikataa kwenda kwa wiki mbili. Aliogopa kisu, aliogopa gari, aliogopa zaidi kizibo cha ndiva kikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa naenda kila alfajiri, si zamu yangu, na hakunifukuza. Alikuwa ananiamuru nimwelezee operesheni. Nilijaribu kutia mzaha mara moja. "Sema vizuri," akasema, "hilo ni jicho langu." Nikasema vizuri. Wanatia dawa ya ganzi. Wanapasua kidogo sana pembeni. Wanatoa ile lenzi. Alikuwa ananisimamisha na kuuliza, "Na nikikohoa?" Sikujua. Tukatafuta mtandaoni, mtandao ukiwa umejaa, nikamsomea. Mwishowe bintiye akaja kutoka Dar akamshusha mjini Same kwa nguvu, pikipiki mpaka barabarani halafu gari. Nasikia njia nzima alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

Juzi Jumanne Mama alikuwa anashusha tangawizi mjini, nikaombewa ruhusa shuleni nikaenda naye. Mji una joto, milima ukiiangalia kutoka kule chini inaonekana kama ya watu wengine. Mama alibaki sokoni, akaniambia nitangulie hospitali na chupa ya uji.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi, peke yake, bintiye amekwenda kuchukua dawa. Jicho la kushoto halikuguswa. Walisema lilichelewa, ni ile presha. La kulia walilitoa bandeji asubuhi ileile. Alikuwa na miwani nyeusi iliyomfanya aonekane kama msanii aliyezeeka vibaya, na hilo nilitaka kulisema, nikaliacha.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba." Akageuza uso. Akatoa miwani. Jicho lilikuwa jekundu, lenye maji, na lilikuwa linanitazama. Halikuwa linaelekea kwangu tu kama zamani. Lilikuwa linatembea juu ya uso wangu, huku na huku, kama mtu aliyeingia kwenye chumba kilichopangwa upya.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Sauti ni yako." Akaendelea kutazama. "Na hapo kwenye nyusi umejichora nini?"

Nikapagusa. Nimezoea mpaka nasahau. "Si kuchora, Babu. Ni kovu."

"Umelipata lini? Pole."

Nikafikiri ananitania. Nikacheka. "Babu, si siku ile uliyonibeba?"

Hakucheka. Ikabidi niseme yote. Nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa napita juu ya ukuta wa ndiva naiga mwendo wake, nikaanguka juu ya jiwe, nyusi ikapasuka. Yeye ndiye aliyekuwa karibu. Alinishika kichwa, akanipapasa uso mzima kwa vidole vyake vigumu, akanitia dole gumba ndani ya jicho, halafu akaninyanyua akakimbia nami mpaka nyumbani. Hilo dole gumba nimelifanya kichekesho miaka yote. Mzee anayetibu nyusi kwa kutoboa jicho. Shule nzima inakijua.

"Nilisikia joto la damu," akasema. "Ilikuwa inanimwagikia mkononi. Sikujua inatokea wapi. Wewe ulikuwa unalia tu, na mimi nikashindwa kukuuliza, maana mtu mwenye macho angeuliza nini? Nikatafuta kwa mkono, sikupata. Nikakimbia."

Darasa la tano. La sita, la saba, kidato cha kwanza, cha pili. Nilihesabu mara mbili, nikitumaini nimekosea. Miaka mitano. Miaka mitano alikuwa anagawa maji kwa midomo, kwa masikio, kwa nyayo, nyumba zote zile, na kesi ya maji iliyofika kwa mtendaji hata moja haikuwepo. Na hayo yote mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anayajua, na sasa wawili, na wa pili ni mimi, ambaye siri kwangu hukaa kama maji kwenye pakacha.

"Kamati wameshakuuliza?" akasema.

"Wameniita Jumapili."

"Wanataka kujua tangu lini."

"Ndiyo."

Nikamimina uji kwenye kifuniko cha chupa, nikaumwaga nusu kwenye sketi. Yeye akapokea kifuniko moja kwa moja, bila kupapasa, akakitazama kwanza kilivyo cha bluu, ndipo akanywa.

"Babu, nitawaambia masika haya," nikasema. "Nitawaambia ulisema hivyohivyo. Sitacheka."

Akatikisa kichwa. "Hutaweza."

"Nitaweza. Mimi nimedanganya walimu wakubwa tu."

"Labda kwa sauti. Kwa sauti ulikuwa unanidanganya hata mimi." Akafuta jicho kwa leso, polepole, kama walivyomfundisha. "Lakini nimekutazama usoni dakika tano, na kila unachowaza nimekiona. Baba Neema ana macho mawili mazima. Utasema masika, uso utasema miaka, na hapo ndipo watakapoamini kwamba niliwaibia. Waambie yote. Hata mimi nitasema nikirudi. Anza na ile damu."

Nilisikia uso unawaka. Nikachukua daftari langu la fizikia nililokuja nalo, nikalinyanyua mbele ya pua, kama nasoma.

"Shusha hilo daftari," akasema. "Bado naangalia."